Watu watakimbilia geti lipi? Uigaji wa kompyuta katika kupanga uondoaji wa umati uwanjani

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya usalama ya uwanja wa michezo wa mkoa wetu. Uwanja unachukua watu 12,000 na una mageti matano: geti kuu lenye upana wa mita 6, na mengine manne yenye upana wa mita 3 kila moja, ingawa siku za mechi kubwa mawili kati ya hayo madogo hufungwa ili kuwazuia wanaoingia bila tiketi. Mshauri mmoja ametushauri tugharimie uigaji wa kompyuta unaoonyesha watu wakiondoka wakati wa dharura, ili kutokana nao tupange mabango, matangazo na kazi za mastewadi (wasimamizi wa umati uwanjani). Amependekeza pia programu ya simu ya kuwaelekeza mashabiki. Je, kompyuta inaweza kweli kutuambia watu watafanya nini, au tutakuwa tumenunua picha za kupendeza tu?

Jibu: Ndugu mjumbe, uigaji unaweza kuwasaidia sana, ila kwa jambo tofauti na lile ambalo wauzaji wake hupenda kulitangaza. Namba ya mwisho inayotolewa na programu, kwa mfano kwamba uwanja utakuwa mtupu baada ya dakika 9 na sekunde 40, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa hubadilika kila unapogusa makadirio yaliyoingizwa mwanzoni. Thamani yake iko kwenye ramani inayoonyesha watu watabanana wapi na dakika ya ngapi, na kwenye ulinganisho wa hali mbili za uwanja uleule: ile ambamo kila mtu anarudi alikoingilia, na ile ambamo sehemu ya watu wameelekezwa mapema kwingine. Kazi ya mabango, matangazo na mastewadi ni kuutoa umati katika hali ya kwanza na kuupeleka katika ya pili, na hapo ndipo kompyuta inapofaa, kwa sababu hamwezi kuwajaribia watu 12,000 halisi njia kumi tofauti za kuwaelekeza.

Kabla ya kompyuta, hata hivyo, chukueni kalamu na karatasi. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo, unaojulikana kwa jina la Green Guide na kutumiwa katika nchi nyingi, unakadiria kwamba kila mita moja ya upana hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika mahali tambarare, na 66 kwenye ngazi. Mwongozo huohuo unataka watazamaji wawe wamekwisha kutoka majukwaani na kuingia katika njia za kutokea ndani ya dakika 8 katika hali ya kawaida, na wakati wa dharura ndani ya muda ulio kati ya dakika 2 na nusu na dakika 8, kwa kutegemea ukubwa wa hatari ya moto. Mageti yenu matano yana jumla ya mita 18, kwa hiyo yanaweza kupitisha watu 1,476 kwa dakika, na watu 12,000 watahitaji dakika 8 na kidogo. Kwa hesabu hiyo uwanja wenu unakaribia kufaulu. Sasa fungeni mageti mawili madogo kama mnavyofanya siku za mechi kubwa: zinabaki mita 12, mtiririko unashuka hadi watu 984 kwa dakika, na muda unapanda kupita dakika 12, hata kama watu watajigawa kwa usawa kamili ambao haujawahi kuonekana uwanjani.

Kisha fikirini mageti yote matano yakiwa wazi, lakini watu 6 kati ya kila 10 wanaelekea geti kuu kwa sababu ndiko walikoingilia na ndiko kituo cha daladala kilipo. Watu 7,200 wanapita katika mita 6, jambo linalochukua dakika 14 na nusu hivi, huku wale 4,800 waliobaki wakigawana mageti manne na kumaliza kabla ya dakika ya tano kuisha. Kwa karibu dakika kumi mageti manne yamesimama wazi bila mtu, na maelfu ya watu bado wanasukumana mbele ya geti moja. Hesabu hii haihitaji programu yoyote, nayo imekwisha kuwaambia mambo mawili: kwamba hakuna bango litakalofidia geti lililofungwa kwa kufuli, na kwamba mageti yakiwa wazi, tatizo lenu kubwa ni mgawanyo wa watu kuliko upana wa njia. Mshauri anayeanza na picha za rangi bila kuwafanyia hesabu hii mezani mwombeni aifanye kwanza.

Kompyuta huongeza nini juu ya karatasi? Hesabu ya karatasi huwachukulia watu kama maji yanayopita katika bomba, wakati programu ya uigaji humweka kila mtu peke yake ndani ya ramani ya uwanja, akiwa na mwendo wake, mahali alipokaa, geti analolifahamu na muda anaochukua kabla ya kuanza kuondoka. Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár walichapisha kielelezo ambamo kila mtu huvutwa kuelekea anakokwenda na wakati huohuo husukumwa mbali na kuta na watu wengine, na programu nyingi za leo zimerithi wazo hilo. Nyingine huigawa sakafu katika vijumba vya mraba, mara nyingi vya sentimita 40 kwa 40 ambavyo ni nafasi ya mtu mmoja aliyesimama kwenye msongamano, na kumhamisha kila mtu kutoka kijumba kimoja hadi kingine. Mtu asiyezuiwa na wenzake hupewa mwendo wa takriban mita 1.3 kwa sekunde; msongamano ukipanda mwendo hushuka, na ukifikia watu watano hivi katika mita moja ya mraba watu karibu husimama. Kwa njia hiyo programu huonyesha yale ambayo karatasi haiwezi: foleni inayorudi nyuma kutoka getini hadi kuziba mdomo wa ngazi za mzunguko, mito miwili ya watu inayokutana kwenye kona, na stewadi aliyesimamishwa mahali ambapo baada ya dakika tatu atakuwa amebanwa ukutani asiweze kumwelekeza yeyote.

Udhaifu unaingia katika jambo moja ambalo programu nyingi huwa nalo kama chaguo lake la mwanzo, nalo ni kwamba kila mtu anayajua mageti yote na huchagua lililo karibu au lenye foleni fupi. Uigaji uliofanywa hivyo huonyesha uwanja ambamo maelekezo hayahitajiki kabisa, kwa hiyo hauwezi kutumika kuyabuni. Watu halisi hawako hivyo. Jengo la starehe la Summerland katika kisiwa cha Man liliungua mwezi Agosti 1973 na kuua watu 50, na utafiti wa Jonathan Sime uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu walielekea kwa jamaa zao na kwenye njia walizozizoea badala ya kukimbilia mlango wowote ulio karibu. Karibu miaka 30 baadaye, tarehe 20 Februari 2003, klabu ya usiku iitwayo The Station katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani iliteketea na watu 100 wakafa. Ilikuwa na milango mingine, lakini wengi walielekea mlango wa mbele waliouingilia, na hapo wakakwama kwa kulaliana. Kwa hiyo nashauri kwa msisitizo kwamba hali ya kwanza kuigwa iwe ile ambamo kila shabiki anarudi alikoingilia. Mnalo daftari la tiketi au angalau makadirio ya watu wanaoingia kwa kila geti; hizo ndizo namba za kuingiza.

Kuna jambo la pili ambalo mshauri kutoka mbali anaweza asilijue, na ninyi mnalijua. Mashabiki wetu wengi huja kwa makundi: matawi ya timu hukodi Coaster, baba huja na watoto wawili na mdogo wake, vijana wa mtaa mmoja hukaa safu moja. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na mmoja akipotea wengine husimama au hurudi kumtafuta, wakigeuka dhidi ya mkondo. Kundi pia linajua gari lake limeegeshwa wapi. Programu zenye uwezo wa kuweka makundi zipo, na mshauri aulizwe kama ametumia uwezo huo. Lakini la muhimu zaidi ni kwamba ramani yake isiishie kwenye geti. Aichore barabara ya nje, kituo cha daladala, maegesho ya bodaboda, meza za mama lishe na wauza jezi. Bodaboda hamsini zilizopangwa mita tatu mbele ya geti ni ukuta mwingine, na umati unaotoka utasimama hapo huku walio ndani wakiendelea kusukuma wasijue kilicho mbele. Kwa maoni yangu, kuhamisha kituo cha bodaboda kutoka geti kuu kwenda upande wa mageti yasiyotumika sana kutabadilisha mgawanyo wa watu wenu kuliko bango lolote, na kutafanya kazi hata kwa mtu asiyejua kusoma au asiyeangalia juu.

Jambo la tatu ni muda unaopita kabla mtu hajanyanyuka. Watu wengi hudhani kwamba king'ora kikilia umati hukurupuka, na filamu zimetuzoesha hivyo, lakini kwa kawaida hutokea kinyume: watu hukaa, hutazamana, huuliza jirani, hukusanya mizigo, na wengine hungoja kuona kama mpira utaendelea. Mtafiti Guylène Proulx na Sime, ambaye nimekwisha kumtaja, walilijaribu jambo hili katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Monument mjini Newcastle, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1991. Kengele peke yake ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote; abiria walioambiwa kwa kipaza sauti, kwa maneno ya wazi, kilichotokea na wanachotakiwa kufanya, waliondoka mapema zaidi. Kwa hiyo katika uigaji wenu muda wa kusitasita usiwekwe sifuri. Jaribuni hali ya kengele tupu ambamo watu huchelewa kwa dakika kadhaa na kwa viwango tofauti, kisha hali ya tangazo mahususi kwa kila jukwaa, na mtaona tofauti kubwa kwenye ramani ya msongamano.

Tofauti hiyo, nakiri kwa ajili ya haki, haina upande mmoja tu. Watu wakinyanyuka wote kwa dakika ileile, ngazi hujaa ghafla, na katika uwanja wa wazi usio na moshi kuna hali ambamo ni salama zaidi jukwaa moja litangulie na jingine lingoje dakika mbili. Hilo ni swali zuri la kuipa kompyuta, kwa sababu jibu linategemea umbo la uwanja wenu na haliwezi kukisiwa. Tangazo linalotokana na kazi hiyo litakuwa la namna hii: "Mashabiki wa jukwaa la mashariki, tokeni sasa kwa geti D na geti E zilizo nyuma yenu. Geti kuu limejaa. Mashabiki wa jukwaa la magharibi, bakini mlipo hadi mtangaziwe." Liwe limeandikwa, limekwisha kurekodiwa, na aliyepewa madaraka ya kulirusha ajulikane kwa jina kabla ya mechi. Tangazo la "tulieni, hakuna tatizo" halimpi mtu jambo la kufanya, na likitolewa wakati watu wanaona moshi kwa macho yao hupoteza imani kwa kila tangazo litakalofuata.

Sasa nije kwenye mabango, ambayo ndiyo hasa mliyouliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Greenwich, wakiongozwa na Profesa Ed Galea, waliwapitisha watu katika jengo wasilolifahamu wakiwa wametakiwa kuondoka kana kwamba kuna dharura, na wakagundua kwamba ni asilimia 38 tu walioliona bango la kawaida la njia ya kutokea, ingawa lilikuwa mbele yao bila kizuizi. Lakini karibu wote walioliona walilifuata. Walipobadilisha bango likawa na taa za kijani zinazomulika kwa kufuatana kuonyesha upande, walioliona walifikia asilimia 77. Namba hizi ni za jengo la ndani, na siwezi kuzihamishia uwanjani kama zilivyo, ila zinatosha kuonyesha kosa la uigaji unaomchukulia kila mtu aliye katika upeo wa bango kama mtu aliyeliona. Mwambieni mshauri aendeshe uigaji kwa makadirio kwamba theluthi moja ya watu wanaona bango, kisha nusu, kisha theluthi mbili. Mpango unaofaulu tu pale karibu kila mtu anapoliona bango hauna budi kuongezewa mastewadi.

Mahali pa kuliweka panahitaji uangalifu kuliko rangi yake. Simameni chini ya ngazi za jukwaa la mzunguko dakika chache baada ya mechi kwisha na mtazame. Mtu anashuka ngazi akiangalia miguu yake na mgongo wa aliye mbele. Akifika chini ana hatua tatu au nne za kuamua kushoto au kulia. Na mara nyingi haamui, anafuata mkondo. Bango lililopigwa msumari juu ya geti D halimfikii, kwa kuwa litaonekana tu na aliyekwisha kwenda upande huo, na bango la usawa wa kifua linazibwa na watu mara msongamano unapofika watatu kwa mita ya mraba. Linalomfaa ni bango lililo juu ya vichwa, linalomkabili akiwa bado kwenye ngazi, pamoja na stewadi mwenye fulana ya kung'aa na kipaza sauti cha mkono aliyesimama kwenye jukwaa dogo mahali mkondo unapogawanyika. Uigaji unaweza kuwaonyesha ni ngazi zipi zinahitaji stewadi huyo na zipi hazihitaji, na hilo ni la maana kwa uwanja wenye mastewadi wachache: mara nyingi mastewadi sita waliosimama kwenye migawanyiko sita huwa na athari kubwa kuliko ishirini waliopangwa pembeni mwa uwanja wakitazama mpira. Unaweza pia kuonyesha saa ya mwisho ambayo maelekezo bado yana faida, kwa sababu mtu aliyekwisha kuingia katika foleni nzito hawezi tena kugeuka hata akitaka.

Hapo ndipo msongamano unapokuwa suala la uhai. Watu wakizidi sita au saba katika mita ya mraba, miili yao hushikana kiasi kwamba msukumo wa nyuma hupita hadi mbele bila yeyote kukusudia, na wanaokufa hufa kwa kubanwa kifua wasiweze kuvuta pumzi, wengi wao wakiwa bado wamesimama. Mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine ni wa daraja la Jamarat huko Mina, ambako tarehe 12 Januari 2006 zaidi ya mahujaji 340 walifariki. Helbing, Anders Johansson na Habib Al-Abideen walichambua picha za video za siku hiyo, na wakaona kwamba kabla ya maafa mkondo wa watu ulibadilika kutoka mwendo wa kawaida, ukawa mawimbi ya kusimama na kwenda, kisha ukawa msukosuko unaowayumbisha watu kila upande. Mawimbi hayo yalionekana mapema vya kutosha kwa mtu aliyejua maana yake kuchukua hatua. Daraja la zamani lilibomolewa, likajengwa la ghorofa tano lenye uwezo wa kupitisha watu 300,000 kwa saa, njia zikawa za upande mmoja, makundi yakapangiwa saa, na uigaji wa kompyuta ukawa sehemu ya kazi hiyo ya usanifu.

Wengi huishia hapo wanapouelezea mfano huu, lakini sehemu iliyobaki ndiyo inayowahusu zaidi. Tarehe 24 Septemba 2015 maafa mengine yalitokea Mina, makubwa kuliko yale ya 2006, na mahujaji wa Tanzania na Kenya walikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ya Saudia ilitaja vifo 769, wakati hesabu za vyombo vya habari zilizojumlisha taarifa za nchi mbalimbali zilizidi 2,000. Hayakutokea darajani. Yalitokea kwenye makutano ya barabara za 204 na 223, ambako mikondo miwili ilikutana kabla ya kulifikia daraja lililokuwa limesanifiwa kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana nimesisitiza kwamba mpaka wa ramani ya mshauri usiwe ukuta wa uwanja.

Pia msiruhusu neno "dharura" liwe na maana ya moto peke yake. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifariki katika viwanja vya Majengo mjini Moshi wakati waumini walipogombea kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa mahali pamoja, na siku mbili baadaye wanafunzi 14 wa shule ya msingi ya Kakamega nchini Kenya walifariki kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani. Mwaka 2010 mashabiki 7 walikufa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kwenye msongamano wa kuingia kutazama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na tarehe 24 Januari 2022, nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu 8 walikufa kwenye mkanyagano, na rais wa Shirikisho la Soka la Afrika (CAF), Patrice Motsepe, akasema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Hakuna hata moja kati ya matukio hayo lililoanza na moto. Kwa hiyo uigaji wenu uwe na angalau hali hizi: kutoka kwa kawaida baada ya mechi iliyojaa, kutoka ghafla mechi ikiendelea, geti kuu likiwa halipitiki, mvua kubwa inayowakimbiza watu wote chini ya paa la jukwaa moja, na kuingia kwa watu wengi kuliko tiketi dakika chache kabla ya mpira kuanza, huku wengine wakitaka kutoka. Hali ya mageti mawili kufungwa iigwe peke yake, na matokeo yake apelekewe anayeshika funguo. Kama hofu ni wanaoingia bure, geti linaweza kufungwa kwa komeo linalofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, likiwa na stewadi wake, bila kufuli na bila mnyororo.

Mtajuaje kama programu yenyewe inaaminika? Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 20414 cha mwaka 2020, kinachoeleza majaribio ambayo programu ya uondoaji watu inapaswa kupitishwa, na mshauri aweze kusema yake imepitishwa vipi. Lakini jaribio ambalo mimi ningelipa uzito zaidi mnaweza kulifanya wenyewe kwenye mechi ijayo. Mtu mmoja apande mahali pa juu panapotazama geti moja, apige video kwa simu kuanzia filimbi ya mwisho hadi watu waishe. Chini, kabla ya mechi, chorwe miraba ya mita 2 kwa 2 kwa chokaa mbele ya geti. Baadaye mhesabu waliovuka mstari wa geti kwa kila sekunde 10, na waliosimama ndani ya kila mraba. Mkipata watu 16 katika mraba huo, ni wanne kwa mita moja ya mraba, na hapo ni wakati wa kuwa macho. Mkipata kwamba geti lenu la mita 3 hupitisha watu 180 kwa dakika badala ya 246 ambazo hesabu ilizitarajia, kuna kitu kinachopunguza njia, pengine bawa la geti lisilofunguka hadi mwisho au meza ya muuza maji, na programu lazima itumie namba yenu. Uigaji usioweza kurudia kutoka kwa kawaida ambako mmekuona kwa macho hauwezi kuaminiwa kwa dharura ambayo hakuna aliyeiona. Kwa kuwa programu huwapa watu wake mwendo na maamuzi kwa bahati nasibu, kila hali iendeshwe mara nyingi, na mpewe matokeo mabaya zaidi pamoja na ya wastani.

Kuhusu programu ya simu, nashauri msiitegemee. Mtandao wa simu huzidiwa pale maelfu ya watu wanapopiga kwa wakati mmoja, shabiki mwenye mtoto mkononi hatazami simu akiwa kwenye ngazi, na wengi hawatakuwa wameipakua. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununua vipaza sauti vyenye betri ambavyo haviungani na umeme wa uwanja, kwa kuwa dharura na giza mara nyingi huja pamoja.

Na kuhusu gharama ya uigaji wenyewe, si lazima iwe kubwa. Zipo programu za kulipia zenye sifa nzuri, kama Pathfinder na buildingEXODUS, na zipo za bure zilizotengenezwa na taasisi za utafiti za Ujerumani, kama JuPedSim na Vadere, ambazo mhandisi kijana au wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu wanaweza kuzitumia kwenye kompyuta ya kawaida chini ya usimamizi wa mwalimu wao. Yeyote mtakayempa kazi hiyo, mkataba useme kwamba mtakabidhiwa faili lenyewe la uigaji pamoja na orodha ya makadirio yote yaliyotumika, mbali na ripoti na video. Mkijenga kibanda kipya cha tiketi, mkihamisha kituo cha daladala, au mkipokea mechi ya timu ambayo mashabiki wake huja wote kutoka upande mmoja wa mji, mtahitaji kuendesha hali hizo upya ndani ya siku chache, na ripoti iliyofungwa kabatini haiwezi kufanya hivyo.